Kwa Nini Mgeni Mwenye Mtaji Hunyimwa Kibali cha Kazi

Likizo ya Desemba, nilipofika kwa mjomba wangu Karema, nilipewa barua niisome. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, nayo ilikuwa imekaa juu ya kabati siku kumi na moja ikiningoja. Mjomba aliniambia, "Mjomba, wewe ndiwe uliye sekondari. Hebu tusomee, utuambie kama mwenzetu amekubaliwa au hakukubaliwa." Niliisoma kimoyomoyo mara mbili, kisha nikawaambia kwamba hakukubaliwa.

Huyo mwenzetu ni mtu wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kazi yake ni kutengeneza sabuni ya mche kwa mafuta ya mawese, naye alikuwa na masanduku yake ya mbao ya kumiminia sabuni pamoja na fedha kidogo za kuanzia. Mjomba ana michikichi na banda. Wakapatana kwamba fundi afungue kiwanda kidogo hapo Karema, mjomba amuuzie mafuta, na faida wagawane. Mjomba akauza ng'ombe wawili ili kulipaki banda sakafu na bati. Hati zote wakampa mtu mmoja wa mjini aliyejidai kuzijua njia za ofisini. Huyo akapokea fedha zao, akajaza fomu kwa namna aijuayo mwenyewe, na hakuwaambia neno lo lote juu ya sheria.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kazi aliyoiomba mgeni huyo ni miongoni mwa kazi asizoruhusiwa asiye raia. Watu wakanitazama. Mjomba akauliza, "Kwani sabuni ina ubaya gani?" Nami sikuwa na jibu. Niliona haya, maana nimefika Kidato cha Nne, nami nasoma Uraia kila wiki. Basi niliporudi shuleni niliwauliza walimu wangu, nikazitafuta sheria na kuzisoma. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa sababu najua wako wazazi wengine hapa Mpanda, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe walio na barua kama ile juu ya kabati.

Kwanza yafaa tujue kibali ni nini. Watu wengi hudhani kwamba mgeni akigongewa muhuri mpakani amekwisha ruhusiwa kufanya atakalo. Sivyo. Muhuri wa mpakani humruhusu kuingia na kukaa kwa muda, wala haumruhusu kufanya kazi. Mgeni atakaye kufanya kazi au biashara katika Tanzania Bara hana budi kupata vibali viwili. Cha kwanza ni kibali cha kazi, nacho hutolewa na Kamishna wa Kazi. Cha pili ni kibali cha ukaazi, nacho hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Zamani, chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, mambo hayo yalikuwa yamechanganyika. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, ndiyo iliyotenga kibali cha kazi na kukiweka mikononi mwa Kamishna wa Kazi.

Vibali vya kazi vimegawanywa katika madaraja matano. Daraja A ni la mwekezaji, au mtu ajiajiriye mwenyewe. Daraja B ni la wenye ujuzi maalum uliotajwa, kama vile madaktari na walimu wa sayansi na hesabu. Daraja C ni la wageni wengine walioajiriwa. Daraja D ni la wale wafanyao kazi katika mashirika ya dini na ya hisani. Daraja E ni la wakimbizi. Fundi wetu wa Kalemie, kwa kuwa alitaka kufungua kazi yake mwenyewe, aliombewa kibali cha Daraja A. Kibali cha kwanza hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, kisha mwenye nacho huomba kukiongeza.

Lakini kibali cha Daraja A hakiombwi mikono mitupu. Mwombaji sharti aonyeshe kwamba biashara ipo kweli: kampuni iliyoandikishwa kwa Msajili, yaani BRELA, namba ya mlipa kodi kutoka TRA, mahali pa kufanyia kazi, na leseni ya biashara ile anayotaka kuifanya. Hapo ndipo wengi hukwama, maana vitu hivi hufuatana kama ngazi. Asiyeweza kupata leseni hawezi kupata kibali cha kuifanya kazi ile. Kwa hiyo mara nyingi kunyimwa kibali hakuanzi kwa Kamishna wa Kazi. Huanza chini zaidi, kwenye swali la kwamba je, biashara hii mgeni anaruhusiwa kuifanya?

Nikizipanga sababu za kunyimwa, naziona ni nne kubwa.

Sababu ya kwanza ni mtu kuingia nchini kwa njia ya matembezi, kisha akaanza kazi kabla ya kuomba. Huyu amekwisha kosa, na ombi lake huanza na doa.

Sababu ya pili ni mtaji. Serikali hutaka mgeni alete fedha ambazo nchi haina, asije kutafuta zile tulizo nazo. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilipunguza kiwango cha mtaji kwa raia atakaye cheti cha nafuu za uwekezaji kutoka dola 100,000 za Kimarekani mpaka dola 50,000. Kwa mgeni, kiwango kilikuwa dola 500,000. Cheti hicho si lazima kwa kila mfanya biashara, lakini tofauti ya mara kumi yaonyesha fikira za waliotunga sheria: mgeni aje na kikubwa, kidogo awaachie wenyeji. Kazi ya Kituo cha Uwekezaji ilichukuliwa mwaka 2025 na Mamlaka mpya ya uwekezaji na maeneo maalum ya kiuchumi, iitwayo TISEZA.

Sababu ya tatu ni kwamba kazi yenyewe yaweza kufanywa na Mtanzania. Kwa wale wanaoajiriwa, sheria ya 2015 humtaka mwajiri aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo asimpate, na tena awe na mpango wa kumfundisha Mtanzania ili siku moja aishike kazi ile. Asiye na mpango huo yampasa atazamie kukataliwa.

Sababu ya nne ndiyo iliyompata fundi wetu, nayo ni ya hivi karibuni. Tarehe 28 Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitia sahihi Amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Nazitaja zote, maana nimeona watu wakibishana juu yake bila kuzijua. Ya kwanza ni biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia na vituo maalum vya jumla vya wazalishaji wa nchini. Ya pili ni kutuma na kupokea fedha kwa simu. Ya tatu, kutengeneza simu na vifaa vya elektroniki. Ya nne, saluni, isipokuwa iliyo hotelini au kwa ajili ya utalii. Ya tano, usafi wa nyumba, ofisi na mazingira. Ya sita, uchimbaji mdogo wa madini. Ya saba, shughuli za posta na kupeleka vifurushi ndani ya nchi. Ya nane, kuongoza watalii. Ya tisa, kuanzisha na kuendesha redio na televisheni. Ya kumi, makumbusho na maduka ya vinyago na vitu vya sanaa. Ya kumi na moja, udalali wa biashara na wa nyumba na ardhi. Ya kumi na mbili, uwakala wa kutoa na kupeleka mizigo forodhani. Ya kumi na tatu, kununua mazao shambani. Ya kumi na nne, mashine za kamari nje ya kasino. Na ya kumi na tano, kumiliki au kuendesha viwanda vidogo na vidogo sana.

Hiyo ya kumi na tano ndiyo iliyolifunga banda la mjomba.

Adhabu yake si ndogo. Mgeni aivunjaye Amri hiyo hutozwa faini isiyopungua shilingi 10,000,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali chake cha ukaazi hufutwa. Raia amsaidiaye naye ana faini yake ya shilingi 5,000,000 au kifungo cha miezi mitatu. Waliokuwa na leseni halali kabla ya Amri waliruhusiwa kuendelea mpaka leseni zao zitakapokwisha.

Nawaomba wazazi waiangalie sana hiyo adhabu ya raia. Baada ya barua ile kufika, mtu yule wa mjini alileta shauri jipya. Alimwambia mjomba aandikishe kiwanda kwa jina lake, kisha mgeni akiendeshe kama mwenyewe, na mjomba apewe kitu kidogo kila mwezi kwa kuazima jina. Shauri hilo lilionekana tamu, na mjomba alikaribia kulikubali, kwa kuwa fedha za ng'ombe zilikuwa zimekwisha ingia katika sakafu. Lakini mtu anayeazima jina lake ameazima na shingo yake. Siku ya kukaguliwa, anayetafutwa kwanza ni mwenye jina. Kodi isipolipwa, mdaiwa ni mwenye jina. Mgeni aweza kupanda boti usiku akawa Kalemie asubuhi, lakini mwenye jina atabaki na michikichi yake na kesi yake.

Sasa tuulize, kwa nini Serikali ikatoa Amri kama hii? Haikuzuka ghafula. Wafanya biashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walilalamika kwa miaka mingi kwamba wageni walioingia kama wawekezaji wamefungua vibanda na kuuza bidhaa moja moja, na hata kutembeza bidhaa, kazi ambayo ni mlo wa kijana wa Kitanzania. Mwekezaji aliyetarajiwa kujenga kiwanda alionekana akiuza maua ya plastiki. Mapema mwaka 2025 Waziri aliunda kamati ya kulichunguza jambo hilo, na miezi michache baadaye Amri ikatoka.

Hapa Katavi hatuna Kariakoo, lakini tuna yetu. Fikirini mkulima wa mpunga kule Mpimbwe. Mwezi wa njaa mnunuzi mwenye fedha nyingi humjia shambani, akamlipa kwa gunia kabla mpunga haujaiva, kwa bei aipendayo mnunuzi. Mkulima hana nguvu ya kukataa. Ikiwa mnunuzi huyo ametoka nje na fedha za mkopo wa riba ndogo, mlanguzi wetu mdogo hawezi kushindana naye, wala chama cha ushirika hakioni mpunga ule. Au fikirini wachimbaji wadogo wa dhahabu walioko Ibindi na mahali pengine pa mkoa huu. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania peke yake. Sababu ni dhahiri: mwenye sururu na mwenye mtambo hawawezi kushindania shimo moja.

Wala si sisi wa kwanza. Kenya, mwaka 1967, ilipitisha sheria mbili, moja ya uhamiaji na moja ya leseni za biashara. Asiye raia alihitaji kibali cha kufanya kazi, na biashara ya bidhaa fulani katika sehemu fulani za miji aliachiwa raia. Wahindi wengi waliokuwa na pasi za Uingereza wakaona hawana nafasi, wakaanza kwenda Uingereza. Na Uingereza nayo, mwezi wa Machi 1968, ikatunga sheria ya kuwazuia. Watu wale walikataliwa upande huu na upande ule. Ghana, kwa sheria ya mwaka 2013, iliwakataza wageni uchuuzi wa sokoni, na mgeni aliyetaka kufanya biashara ya kununua na kuuza alitakiwa mtaji wa dola 1,000,000.

Lakini historia hutuonyesha pia pale mambo yalipopita kiasi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu waliondoka, na miongoni mwao walikuwamo raia halisi wa Uganda ambao hati zao zilikataliwa. Maduka na viwanda vyao viligawiwa watu wasiojua kuviendesha. Baada ya muda mfupi sukari, chumvi na sabuni vikawa adimu. Miaka ya baadaye Serikali nyingine ya Uganda iliwaita warudi na kuwarudishia mali zao. Funzo lake ni kwamba kumwekea mgeni mpaka kwa sheria inayosomeka ni jambo moja, na kumfukuza kwa chuki ni jambo jingine kabisa.

Tena tukumbuke kwamba sisi nasi ni wageni kwa wenzetu. Watanzania wako Kenya, Zambia, Kongo, Oman na Ulaya wakitafuta riziki. Nchi nyingine zimeweka kibali maalum cha mgeni mwenye wazo jipya la biashara ingawa hana mali nyingi. Chile ilianza mpango wa kuwaalika watu wa namna hiyo mwaka 2010, na Kanada ikafuata kwa kibali chake mwaka 2013. Uingereza, iliyokuwa ikimtaka mgeni awe na pauni 200,000, ilibadili utaratibu mwaka 2019, ikawa wazo lenyewe lapimwa kwanza na chombo kilichothibitishwa kama ni jipya na kama laweza kukua. Huko nako wengi hunyimwa, maana wapimaji huuliza: wazo hili lina upya gani? Fedha utazipata wapi? Utaajiri watu wangapi? Kwa hiyo kijana wa Kitanzania akinyimwa huko asidhani ni rangi yake tu. Na mgeni akinyimwa hapa asidhani ni roho mbaya yetu tu. Kila nchi ina mlango, na kila mlango una bawabu mwenye maswali yake.

Liko jambo moja gumu zaidi, nalo ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa sahihi mwezi wa Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu chake cha 13 huwapa raia wa nchi wanachama haki ya kujiimarisha kibiashara katika nchi nyingine za Jumuiya. Ndiyo maana Kenya ilipinga Amri ya 2025, ikisema haiendani na Itifaki. Wakenya walikumbusha kwamba mwezi wa Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wafanya biashara wa Tanzania wafanye biashara Kenya bila kusumbuliwa kwa vibali. Wanaoitetea Amri hujibu kwamba kila nchi ina wajibu wa kuwalinda wanyonge wake kwanza. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na bandari ya Karema imejengwa ili kutuunganisha nayo. Fundi wetu aliuliza swali ambalo mimi sikuweza kulijibu: "Mizigo yetu mwaitaka bandarini, mikono yetu je?"

Hapa nataka niseme neno juu ya wenzetu wa Katumba na Mishamo. Makazi hayo yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo pamoja na Ulyankulu walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Sheria husema "asiye raia". Raia wa kuandikishwa ni raia, naye haombi kibali cha kazi cho chote. Tangu Amri ilipotoka nimesikia katika mabweni utani wa kuwaambia wanafunzi wa kutoka huko, "Na nyinyi mtafungiwa maduka." Utani huo ni ujinga, tena ni ujinga wenye sumu. Baba wa mwenzangu mmoja alipokwenda kuomba leseni ya duka aliambiwa alete cheti, akakileta. Akaambiwa alete na cheti cha baba yake. Afisa wa kweli huangalia hati, haangalii jina wala lafudhi. Tukianza kuulizana mababu zetu walizaliwa wapi, katika mji huu wa Mpanda ni wangapi watakaobaki?

Maana mji huu wenyewe umekuzwa na wageni. Reli itokayo Kaliua ililetwa huku kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa kampuni ya kigeni, zama za ukoloni. Watu wakaja kutoka pande zote kufanya kazi. Mgodi ukafungwa na kampuni ikaondoka, lakini reli ikabaki, nayo ndiyo iliyonileta mimi shuleni. Hilo ndilo nionalo kuwa kipimo kizuri cha mgeni mwenye mtaji: siku atakapoondoka, ni nini kitakachobaki? Aliyeuza vikombe vya plastiki akiondoka, hubaki vikombe vya plastiki. Aliyejenga reli akiondoka, reli ipo. Na aliyefundisha kazi akiondoka, kazi ipo.

Methali yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya leo huuliza zaidi: jembe gani, na katika shamba la nani? Nionavyo mimi, Amri ya 2025 ni njema inapomlinda mkulima asinunuliwe mpunga ukiwa kijani, na mchimbaji mdogo asinyang'anywe shimo. Lakini nionavyo pia, kiwanda kidogo kinachotengeneza kitu ambacho kijijini hakuna anayejua kukitengeneza si sawa na duka la kuuza vilivyotengenezwa kwingine. Ingefaa mgeni wa namna hiyo apewe mlango mwembamba: aingie pamoja na raia, afundishe kwa muda uliowekwa, kisha kazi ibaki kwa raia. Walimu wangu wawili hawakubaliani nami. Mmoja aliniambia kwamba kila mlango mwembamba huishia kuwa mpana. Nami naikubali hatari hiyo, lakini bado nadhani ujuzi ni bidhaa isiyopasa kuzuiwa mpakani.

Kwa wazazi watakaopatana na mgeni, nina maneno manne machache. Kwanza, kabla ya kuuza ng'ombe, ulizeni kama biashara hiyo ni miongoni mwa zile 15. Pili, nendeni wenyewe kwa Afisa Biashara wa halmashauri na katika ofisi ya Uhamiaji. Kuuliza hakulipiwi, na mtu wa kati asiyetaka muende naye ana sababu yake. Tatu, msiazime majina yenu. Nne, ombi likikataliwa, someni sababu iliyoandikwa. Anayeona ameonewa anaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Lakini rufaa hushindania kosa la uamuzi, haibadili sheria. Na kwa Serikali nina ombi moja. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria zetu iwe Kiswahili. Basi na barua za kukataliwa nazo ziandikwe Kiswahili, ili zisikae juu ya kabati zikingoja mtoto wa sekondari arudi likizo.

Kuhusu mjomba, yule fundi alirudi kwao na masanduku yake. Mjomba alikaa kimya juma zima. Halafu siku moja aliniuliza, "Hiyo sheria yasema mgeni asiwe na kiwanda. Je, yasema mimi nisiwe nacho?" Nikamwambia haisemi. Akauliza tena, "Yasema mimi nisiende kujifunza?" Nikamwambia haisemi. Basi mwezi wa Januari akapata hati ya kusafiria, akapanda boti, akakaa kwa fundi yule Kalemie majuma matatu. Ameniandikia kwamba kiwanda kimeandikishwa kwa jina lake, naye ndiye mwenye nacho kweli. Sabuni ya kwanza ilikuwa laini kama ugali, ya pili ilipasuka, na ya tatu imekauka vizuri, ameniletea mche mmoja. Naitumia hapa bwenini. Povu lake si jingi, lakini inatakatisha.